Kufungua garaji ndogo ya magari ya zamani Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari la zamani ni lipi hasa?

Kwa kazi hii tunahesabu gari ambalo mota yake inarekebishwa kwa funguo, jikleri (kitundu cha kupimia esansi, yaani petroli) na visi platini (swichi ya kukata umeme wa cheche), bila kompyuta ya kusoma makosa. Kwa Lubumbashi hiyo ina maana ya Peugeot 404 na 504, Mercedes W123 (iliundwa hadi 1986) na W115 iliyoitangulia, Volkswagen Coccinelle (Beetle), Land Rover Series, na Land Cruiser za 40. Mengi yanaishi kwenye parseli za wazee waliofanya kazi Gécamines (kampuni ya migodi ya serikali) au kwenye reli, chini ya mwembe, yamefunikwa na bashi. Mengine bado yanabeba makaa na mahindi kila siku, na wenye hayo ndio wateja watakaorudi mara nyingi zaidi.

Je, nipokee kila gari la zamani linaloletwa?

Hapana. Kwa miaka miwili ya kwanza chagua familia mbili, tatu ukizidisha. Garaji ya namna hii haifi kwa kukosa kazi. Inakufa kwa magari yanayolala. Gari linangoja kipande kimoja miezi minne, linashika nafasi, mwenyewe amekwisha kulipa avansi (malipo ya mbele) na avansi imekwisha kuliwa. Magari matatu ya hivyo katika uwanja wa magari manne, na hapo umefunga bila kutangaza.

Ukishika 504 na W123 peke yake, baada ya magari kumi utakuwa na akiba ya vipuri vinavyoingiliana, utajua ugonjwa kwa kusikiliza, na kila chombo maalumu ulichonunua kitarudisha pesa yake. Mteja akileta Jaguar, mwambie kwa heshima: "Papa, hii hatuijui vizuri, tusikuharibie gari." Atakuheshimu zaidi kuliko ukiifungua halafu ukashindwa kuifunga.

Nahitaji uwanja wa ukubwa gani?

Gari moja linalofunguliwa linataka mita 4 kwa 6.5, maana milango ifunguke na mtu apite na trei ya vyombo. Magari mawili ya kazi, mawili ya kungoja, chumba cha kufunga vipuri na meza ya kazi: mita za mraba 150 zinatosha. Sakafu ya betoni ya sentimita 10 inabeba krike (jeki) na vigoda vya chuma. Ukipanga kuweka lifti ya nguzo mbili baadaye, mwaga sentimita 15 au zaidi tangu mwanzo, yenye chuma ndani.

Watu wengi hapa wanachimba fosi, yaani shimo la kufanyia kazi chini ya gari. Upana sentimita 80, kina mita 1.6, na ngazi pande zote mbili. Lakini mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa: unashuka na kulala ndani ya fosi. Usifungue tangi wala bomba la esansi gari likiwa juu ya fosi, na usishushe taa ya kawaida ya balbu humo. Kazi zote za esansi zifanyike juu, nje, na kizima-moto cha poda cha kilo 6 kiwe karibu.

Kuhusu mtaa: komine za Kamalondo, Kenya na Katuba zina mafundi wengi na watu wa vipuri karibu, lakini parseli ni ndogo. Annexe na Ruashi utapata nafasi kwa bei nafuu, ila barabara wakati wa mvua inaweza kumfukuza mteja mwenye gari lililopakwa rangi jana. Angalia njia ya kuingilia mwezi wa Januari, si Julai.

Makaratasi gani yanatakiwa?

Kongo iko ndani ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara) tangu 2012, kwa hiyo mtu mmoja mwenye shughuli ndogo anaweza kujitangaza kama *entreprenant* kwenye RCCM, daftari la biashara. Tangazo hilo lenyewe halilipiwi. Sharti ni kuandika kila siku pesa iliyoingia na iliyotoka, ilikotoka na ilikokwenda. Ukikua, unafungua kampuni kupitia Guichet Unique, unachukua Identification Nationale na namba ya kodi. Kampuni za migodi na mashirika hayatakupa gari bila fakture yenye namba hizo, basi kama unalenga wateja hao, anza nazo.

Na kwa kila gari linaloingia: tazama carte rose (karatasi ya umiliki wa gari), kisha linganisha namba ya shasi kwa macho yako mwenyewe. Gari la zamani limepita mikono mingi, na mara nyingi mzee amekufa na watoto hawajapatana. Ukilitengeneza kwa oda ya mtoto mmoja, wengine watakuja kulidai likiwa limekwisha ng'aa.

Vyombo gani ninunue kwanza?

Kabla ya kompresa na rangi, nunua vya kupimia. Fundi asiye na vipimo anabadilisha vipande mpaka abahatishe, na mteja ndiye anayelipia kubahatisha huko. Orodha yetu ya kwanza: kipimo cha kompresoni (mbano wa hewa ndani ya silinda) cha mota ya esansi na kingine cha mazutu, yaani dizeli (cha mazutu kifike bar 40), multimetri, taa ya kupimia alimaji (wakati wa cheche), bamba nyembamba za kupimia nafasi kuanzia mm 0.05, ufunguo wa kukazia kwa kipimo, na kalipa.

Kisha funguo za milimita 6 hadi 32. Ukichukua Land Rover Series, ongeza seti ya inchi. Ufunguo wa mm 13 juu ya bulo (bolti) ya nusu inchi utaonekana kama unaingia, kumbe unaila kichwa. Krike ya tani 3, vigoda vya chuma vinne (gari halibaki juu ya krike peke yake hata dakika moja), palani ya kutolea mota ya tani 1, vutio la rulemani (beringi), poste ya kusudia (mashine ya kuchomelea), na meza yenye etau (jiliwa) ya nguvu. Mengine yanaweza kungoja.

Umeme ukikatika je?

Panga kazi kana kwamba utakatika. Mota ya kompresa ya kW 2.2 inavuta mara tatu hadi sita ya nguvu yake inapoanza, kwa hiyo jenereta ya kVA 3 itazima au kuungua. Chukua kVA 6 au 7. Kompresa yenye tangi la lita 200 inakuachia hewa ya kumalizia kazi ndogo hata umeme wa SNEL, kampuni ya umeme, ukiondoka. Rangi usianze saa ambazo mtaa wenu huzoea kukatwa: safu iliyokauka nusu inabidi kusugua yote upya.

Gari limelala miaka mingi. Nianzie wapi?

Kosa kubwa ni kuweka batri mpya na kuzungusha funguo ili "tusikie kwanza". Pete za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu, na kulazimisha kwa demarere (starta) kunazivunja. Fuata mpango huu. Mfano ni 504 ya esansi.

Toa bujia (plagi za cheche) zote nne. Changanya mafuta ya mota na mazutu nusu kwa nusu, mimina kijiko kimoja cha chai katika kila silinda, acha usiku mzima. Kesho yake zungusha mota kwa mkono, kwa ufunguo mrefu kwenye puli ya mbele, taratibu. Ikigoma, ongeza mafuta na ungoje siku nyingine. Ikizunguka mara mbili kamili bila kukwama, endelea.

Mwaga mafuta ya mota na uweke lita 4 mapya na filta mpya. Bujia zikiwa bado nje, zungusha kwa demarere mpaka taa ya presha ya mafuta izime. Sasa pima kompresoni: bujia zote nje, karburateri wazi kabisa. Kuwa makini hapa. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hewa ina presha pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko pwani. Kitabu kikisema bar 10, hapa bar 8.7 ni afya njema. Mafundi wengi wamefungua mota nzima kwa sababu ya tofauti hiyo. Kinachotisha ni silinda moja kuwa chini ya wenzake kwa zaidi ya bar 1.5. Mimina mafuta kidogo ndani yake upime tena: ikipanda, pete zimechoka, isipopanda, tatizo ni supapu (vali) au joani ya kulasi (gasketi ya kichwa cha mota).

Esansi ya zamani ina harufu ya vanishi. Itoe yote, osha tangi, badilisha mipira yote ya esansi hata ile inayoonekana mizima. Ikunje kwa vidole: ikionyesha nyufa ndogo, itavuja mota ikipata joto. Kwenye Coccinelle mpira huo uko juu ya mota yenye moto, na huko ndiko magari hayo yanakoungulia. Safisha karburateri, weka filta ya esansi ya kuonekana ndani, rekebisha visi platini kwenye mm 0.4 na bujia kwenye mm 0.6. Tazama pia ndani ya kisafisha hewa: panya wanapenda kuzalia humo.

Pine (tairi) soma tarehe yake: tarakimu nne za mwisho, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ikipita miaka kumi, ni ya kusukumia gari uwanjani tu.

Kwa nini gari linatoa moshi mweusi hata baada ya karburateri kusafishwa?

Ni urefu wa mji juu ya bahari. Karburateri iliyopangwa kwa ajili ya nchi za chini inatoa esansi ileile huku hewa ikiwa nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Jikleri kuu ndogo zaidi kwa namba tatu hadi tano (tuseme kutoka 135 kwenda 130) kwa kawaida inarudisha rangi ya bujia kuwa kahawia. Usipanue jikleri kwa waya au kwa drili ili "gari lipate nguvu". Ukiona jikleri yenye tundu lisilo duara kamili, mtu amekutangulia; itupe.

Kabla ya yote, tazama bakuli la mafuta la kisafisha hewa. Kutoka Mei hadi Septemba vumbi jekundu linalijaza, hewa inabanwa, na moshi ni uleule. Wakati wa kiangazi limwage kila wiki mbili kama gari linatembea njia za udongo.

Kwa nini linachemka?

Hapa maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 96, si 100. Kofia ya radiateri iliyochoka inaleta shida mapema kuliko ingekuwa Matadi, mji wa chini. Kila bar 0.1 ambayo kofia inashika inaongeza takriban nyuzi mbili na nusu. Kwa hiyo kofia kwanza, kwa sababu ni bei ndogo kuliko vyote.

Peugeot 404 na 504 zina feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme pale maji yanapopata moto. Kaboni ndogo inayopeleka umeme ikiisha, au swichi ya joto ikifa, feni inazunguka polepole tu; gari ni zuri njiani kwenda Likasi na linachemka likiingia kwenye msongamano wa mjini. Badilisha kaboni na swichi. Kuifunga feni kwa bulo ili izunguke daima ni dawa ya muda inayokubalika.

Onyo moja linalookoa mota za 504: silinda zake ni shemizi, yaani mirija ya chuma inayotoka, zilizosimama ndani ya maji, na chini zina joani nyembamba. Ukiondoa kulasi halafu ukazungusha mota, pistoni inainua shemizi, joani inaachia, na baada ya kufunga maji yanaingia kwenye mafuta. Mara kulasi inapotoka, bana shemizi kwa bulo na vipande vya chuma juu ya kingo zake. Kazi ya dakika tano. Tumeona gari moja likifunguliwa mara tatu kwa kutofanya hivyo.

Coccinelle haina maji, lakini ina mabati na mipira inayotenga hewa baridi na hewa ya moto ndani ya chumba cha mota. Fundi asiyeijua huyatupa kwa sababu "hayana kazi". Bila hayo mota inavuta hewa yake yenyewe ya moto. Kwenye mota za zamani silinda ya tatu ndiyo inayoumia kwanza, kwani kipoza mafuta kinaizibia hewa. Nafasi ya supapu ni mm 0.15 mota ikiwa baridi kabisa, mafuta lita 2.5, na kwa vumbi letu yabadilishwe kila kilomita 3,000.

Mercedes ya mazutu haiwaki asubuhi ya Julai. Au imewaka na haizimiki.

Usiku wa Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mota za zamani za mazutu zinategemea bujia za kupasha moto. Kwenye W123 za kabla ya 1980 hivi, bujia hizo zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine: ikifa moja, zote zinakufa. Zile za baadaye kila moja inajitegemea, ikifa moja mota inawaka kwa kutetemeka. Pima kwa multimetri kabla ya kulaumu pompi.

Kisha rekebisha supapu: mm 0.10 za kuingiza, mm 0.30 za kutoa, mota baridi, kwa 200D, 240D na 300D isiyo na turbo. Supapu zilizobana ndizo sababu kubwa ya "pompi imechoka" ambayo haijachoka.

Kutozimika ni kuvuja kwa vakuumu (nguvu ya kufyonza hewa). Ufunguo unazima mota kwa kuvuta membreni nyuma ya pompi. Mpira mmoja ukipasuka, hata ule wa kufuli za milango, nguvu haifiki. Ziba mikono ya vakuumu mmoja mmoja mpaka uipate.

Esansi ya siku hizi haina risasi. Itaua mota?

Risasi iliondolewa kwenye esansi ya magari dunia nzima. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuacha kuiuza, mwaka 2021. Hatari iko kwenye kulasi za chuma ambazo kiti cha supapu kimekatwa moja kwa moja kwenye chuma chenyewe. Dalili ni nafasi ya supapu za kutoa kupungua kila unapoipima. Kwa gari la kutembea mjini taratibu, pima kila kilomita 5,000 tu. Ukifungua kulasi kwa sababu nyingine, hapo ndipo umpelekee turneri (fundi wa kuchonga chuma kwa mashine) aweke viti vigumu.

Vipuri nitapata wapi?

Rulemani na joani spi (sili za mafuta) hazinunuliwi kwa jina la gari bali kwa kipimo. Rulemani yenye namba 6203 ni mm 17 kwa 40 kwa 12, iwe imetoka kwenye alternateri ya Peugeot au kwenye pompi ya maji ya nyumbani. Mji huu unalisha migodi. Maduka ya vifaa vya viwanda yana rulemani nzuri kuliko maduka ya magari. Maturneri nao wapo wa kutosha, wengi waliofundwa kwenye karakana kubwa: bushi, aksi, hata pini za springi wanatengeneza ukiwapa kipande cha zamani na kipimo.

Kutoka nje, njia ya karibu ni mpaka wa Kasumbalesa, kisha Zambia hadi Afrika Kusini, ambako Coccinelle na W123 ziliunganishwa kwa miaka mingi. Lakini kule wanaendesha kushoto. Mota, gia, breki za magurudumu na mengi ya karoseri yanaingia. Sanduku la usukani, dashibodi na mikono ya waipa hayaingii. Taa za mbele zinaingia, na hapo ndipo hatari: mwanga wake wa chini umeelekezwa kushoto, hivyo hapa unampiga machoni anayekuja. Taa agiza za nchi zinazoendesha kulia.

Kila oda iwe na picha ya kipande cha zamani kando ya rula, namba ya shasi, na mwaka.

Breki zina tahadhari gani?

Vitambaa vya breki vya zamani vinaweza kuwa na amianti (asbesto). Usipulize ngoma kwa kompresa; lowesha kwa maji yenye sabuni, futa, kitambaa ulichofutia kiingie kwenye mfuko uliofungwa. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa: chupa iliyofunguliwa msimu wa mvua isibaki hadi msimu mwingine. Na usiweke mafuta ya mota au ya usukani kwenye breki hata tone moja, kwa sababu mipira yote itavimba na utabadilisha mfumo mzima.

Na kutu?

Kata mpaka ufike kwenye chuma kinacholia. Toli (bati) ya mm 0.8 hadi 1, ichomelewe pointi moja moja kwa kuachiana nafasi ili isijikunje, antirui (rangi ya kuzuia kutu) pande zote mbili. Mastiki (puti) isizidi mm 2 au 3. Mastiki nene juu ya kutu inapendeza miezi sita, na mvua ya pili inaifungua kama ganda. Tolye (fundi wa bodi) anayekuahidi sakafu nzima kwa siku moja, mwache aende.

Nipange bei vipi?

Hesabu saa, usihesabu sura ya mteja. Tuseme, kwa mfano tu, pango ni dola 150, mafundi wawili 200 kila mmoja, umeme na jenereta 100, madogo mengine 50: jumla 700. Mafundi wawili, siku 24, saa 5 za kazi halisi kwa siku, ni saa 240. Kila saa inakugharimu karibu dola 3 kabla ya faida, kuchakaa kwa vyombo na siku za ugonjwa. Weka namba zako, na utashangaa jinsi kazi nyingi "za haraka" ulivyokuwa ukizifanya bure.

Devi (makadirio ya bei) ya gari la zamani usiitoe nzima mara moja. Igawe: kwanza uchunguzi, unaolipiwa peke yake, kisha kuwaka na breki, kisha mwendo, mwisho karoseri. Kila hatua ina avansi ya vipuri kwa asilimia 100 na ya kazi kwa nusu, na haianzi nyingine kabla ya ile kulipwa. Andika kwa dola na uandike kiwango cha faranga cha siku hiyo. Kwenye karatasi ya kupokea gari, iliyosainiwa na wote wawili, iwepo orodha ya vilivyomo, picha, kilomita, na bei ya kila siku gari likilala baada ya kumalizika, kuanzia siku ya 15. Vipande vya zamani mrudishie mteja kwenye mfuko, vyote.

Nitapata wapi mafundi?

Shule za ufundi za INPP, Institut Salama na Cité des Jeunes zinatoa vijana wenye msingi mzuri, ila wengi wamejifunza zaidi magari mapya. Mtafute mzee mmoja aliyestaafu aje siku mbili kwa juma, mlipe kwa siku, na kijana akae kando yake na daftari. Kila marekebisho yaandikwe: nafasi, jikleri, joani iliyotumika, dawa iliyofanya kazi. Mzee akiondoka bila daftari hilo, ameondoka na nusu ya garaji.